Ukuta wa Chumba cha Nkambo



Katika miaka yetu ya ukatekista na ya ualimu tumezoea kuwaletea katika ukurasa huu mambo tuliyoyasoma. Safari hii tunawaletea jambo tulilolikosea. Ni habari ya ukuta wa ndani wa chumba kidogo cha matofali ya simenti, kilichoko nyuma ya nyumba yetu hapa Lubumbashi. Tulitakiwa kuchagua kitu cha kuufunika ukuta huo, tukachagua vibaya, kisha ikatubidi kuchagua upya. Wengi wenu mtajenga siku moja, na wengine mnawasaidia tayari wazazi wenu kujenga. Tunaandika ili kosa letu liwagharimu ninyi kidogo kuliko lilivyotugharimu sisi.

Chumba chenyewe kina urefu wa meta nne na upana wa meta tatu. Tulikijenga kiwe ghala ya mahindi, makaa na baiskeli. Kwa kuwa kilikuwa ghala tu, hatukuweka karatasi ya plastiki kati ya msingi na safu ya kwanza ya matofali, wala hatukutengeneza mfereji wa kupokea maji ya mabati. Upande wa nyuma, udongo wa uwanja ulikuwa juu kuliko sakafu ya ndani kwa kadiri ya shubiri moja. Mambo hayo yote tuliyaona, tukasema: mahindi hayalalamiki.

Baadaye mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Nkambo, alikuja kutoka kijijini kukaa nasi. Ana miaka zaidi ya sabini. Nyumba kubwa ilikuwa imejaa, tukaamua kuondoa makaa na mahindi na kumtengenezea chumba chake mwenyewe nyuma. Ulikuwa mwezi wa Desemba, na mvua zilikuwa zimekwisha kukaza. Tulitaka chumba kiwe tayari kabla ya Noeli, kwa sababu ndugu wangekuja, na wanashirika wa mtaa wetu walikuwa wamepangiwa kusali kwetu.

Fundi alipiga lipu ya simenti vizuri, na hatuna neno la kumlaumu. Alituambia waziwazi kwamba lipu mpya yataka kungoja mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupakwa rangi, na kwamba wakati wa mvua hata mwezi mmoja ni mchache. Tulimsikiliza kwa heshima, na wiki mbili baadaye tukanunua rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ya rangi ya maziwa. Tulitaka wageni wakiingia waseme kwamba Nkambo ametunzwa. Fedha hazikutosha. Tulikuwa tumeweka akiba ya minervali ya muhula wa pili ya binti yetu, aliyekuwa katika darasa la tano la sekondari. Tukaitoa, tukiwa na nia ya kuirudisha mwisho wa Januari. Mshahara wa Januari ukachelewa.

Wageni walikuja, wakasifu. Kuta ziling'aa hata taa moja ilitosha kuangaza chumba chote. Ilipofika katikati ya Februari, rangi ilianza kufanya malengelenge karibu na sakafu, na ukiyabonyeza kwa kidole yalitoa maji. Nyuma ya kitanda na chini ya dirisha yalitokea madoa meusi ya kuvu. Mahali rangi ilipopasuka, unga mweupe kama chumvi ulitoka ukutani na kuangukia mkeka. Chumba kilinuka kama gunia lililolowa. Nkambo alikohoa usiku, nasi tuliposikia tulisema ni baridi ya mvua.

Yeye hakulalamika. Tulipompeleka kwenye kituo cha afya, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: "Mama huyu analala wapi?" Hatukulipenda swali hilo. Kuna sababu ya kuliuliza: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 mwongozo mzima juu ya unyevu na kuvu ndani ya majengo, na humo limeeleza kwamba wakaaji wa nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu. Hatusemi kwamba ukuta peke yake ndio uliomletea Nkambo kikohozi. Amepika miaka mingi kwenye moshi wa kuni. Lakini tulimweka mtu mwenye kifua dhaifu ndani ya chumba kilicholowa, na tulikuwa tumemfunikia unyevu ule kwa rangi nzuri.

Wiki ileile binti yetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Alikaa nyumbani siku kumi na nne. Siku ya pili alitukuta tunakwangua ukuta kwa visu vya zamani, akachukua kisu cha tatu, akaanza kukwangua nasi bila kuitwa. Rangi ilikuwa ikitoka vipande vikubwa kama maganda ya ndizi. Akaokota kipande kimoja, akakitazama, akasema kwa upole: "Baba, hii ndiyo minervali yangu." Tumefundisha karibu miaka thelathini, na hatukupata jibu.

Nkambo alikuwa ameketi mlangoni. Aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya ukuta uliokwanguliwa, akakiacha hapo muda mrefu. Ujana wake wote alipaka nyumba kwa mikono, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu, kama walivyofanya wanawake wa kijiji chake. Akasema: "Mwanangu, nyumba yetu ya udongo ilitoa jasho usiku, ikakauka mchana. Hii mmeivisha nailoni." Tukamwuliza mbona hakusema mwezi wa Desemba. Akajibu: "Hamkuniuliza."

Basi tulianza kuuliza. Tulimrudia fundi, tukamsikiliza Nkambo, na binti yetu akafungua daftari lake la kemia. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Tofali la simenti lina matundu madogo yasiyoonekana, na maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika donge la sukari. Yana njia tatu. Huweza kupanda kutoka ardhini, na unyevu wa namna hiyo huonekana chini ya ukuta, pamoja na ule unga wa chumvi. Huweza kuingia kutoka nje, mvua inapopiga ukuta au maji ya paa yanapourukia. Tena huweza kutoka katika pumzi za watu na mvuke wa sufuria, yakaganda juu ya ukuta wakati wa usiku wa baridi, hasa hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai. Ukuta wetu ulikuwa unakunywa kwa njia zile mbili za kwanza.

Kuna jaribio ambalo kila mmoja wenu aweza kulifanya. Chukua kipande cha plastiki safi chenye upana wa shubiri mbili, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka katika ukuta wenyewe. Yakionekana upande wa nje, maji yanatoka katika hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha. Jaribio hili halina gharama. Lau tungalifanya mwezi wa Desemba, binti yetu angalikuwa darasani mwezi wa Februari.

Baada ya kujua njia ya maji, ndipo mtu aweza kuchagua cha kuufunika ukuta. Njia ya kwanza ni kuyaacha matofali wazi, kuziba vizuri viungo vyake na kuyapaka chokaa. Kwa ghala au chumba cha vyombo vya shamba hiyo yatosha kabisa, na ni rahisi kuliko zote. Njia ya pili ni lipu ya simenti na rangi ya mafuta. Hiyo ni nzuri mahali pa kurukiwa maji, kama jikoni, kwa sababu hupanguswa kwa kitambaa. Lakini ukuta lazima uwe mkavu kwanza, kwani rangi hiyo hairuhusu unyevu utoke. Mahali pa kuogea, karo ni bora zaidi.

Njia ya tatu ni kufunika ukuta kwa mbao nyembamba za tripleksi. Chumba huonekana kizuri siku hiyohiyo, hata kama ukuta una kasoro. Fundi alitukataza. Nyuma ya mbao unyevu hubaki, mchwa hupanda bila kuonekana, na panya hupata makao. Njia ya nne ni udongo wa kichuguu, ambao Nkambo aliupenda. Hapa kwetu vichuguu ni virefu, na udongo wake umejenga nyumba nyingi za matofali ya kuchoma. Lipu ya udongo hupokea unyevu na kuuachia polepole. Lakini yeye mwenyewe alisema kwamba hushika vizuri kwenye tofali la udongo, na kwamba juu ya tofali laini la simenti itapasuka na kuanguka. Alipima kwa mikono, akaikataa njia yake mwenyewe. Sisi hatukuwa tumeipima njia yetu hata siku moja.

Njia ya tano ndiyo tuliyoichagua: lipu yenye simenti na chokaa pamoja, na juu yake chokaa tupu iliyokorogwa na maji. Binti yetu alitueleza kutoka katika daftari lake jinsi chokaa ilivyo. Jiwe la chokaa huchomwa katika tanuru kwa joto la nyuzi 900 hivi, likatoa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake. Kisha hutiwa maji, likachemka na kuwa unga. Unga huo ukipakwa ukutani, huivuta tena hewa ileile ya kaboni kutoka chumbani, ukarudi kuwa jiwe, taratibu, kwa majuma mengi. Tena una ukali ambao kuvu haiupendi, na una matundu yanayouachia ukuta upumue. Mawe haya hatuyatafuti mbali. Pale Kakontwe, karibu na Likasi, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka hapa, yamechimbwa miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya madini.

Kazi yenyewe haikuanza na ukuta. Tulimhamishia Nkambo katika chumba chetu sisi wazazi, nasi tukalala sebuleni tangu Februari hata Septemba. Tungaliweza kufanya hivyo tangu Desemba, na jambo hilo linatuuma kuliko fedha. Mvua zilipokoma tulichimba nyuma ya chumba, tukaondoa udongo mpaka ukawa chini kuliko sakafu, tukaweka mfereji wenye kokoto ndani, na tukafunga bomba la kupeleka maji ya paa mbali na msingi. Tuliondoa rangi yote na lipu iliyolegea kuanzia sakafuni hadi kimo cha meta moja. Unga wa chumvi tuliufagia ukiwa mkavu, kwa kuwa ukioshwa kwa maji huyeyuka na kurudi ndani. Kisha hatukufanya kitu. Mei, Juni na Julai tuliacha mlango na dirisha wazi mchana kutwa, na kila Jumapili binti yetu alibandika plastiki yake na kutuletea habari. Mwisho wa Julai plastiki ilikuwa kavu pande zote mbili.

Mwezi wa Agosti fundi alipiga lipu mpya ya kipimo kimoja cha simenti, kimoja cha chokaa na sita vya mchanga. Kwanza aliulowesha ukuta, na baadaye tukainyunyizia lipu maji kwa siku kadhaa ili isikauke upesi na kupasuka. Mwezi wa Septemba tulipaka chokaa. Hukorogwa nyepesi kama maziwa, hupakwa juu ya ukuta uliotiwa maji kidogo, na kila mkono wa rangi hungojewa ukauke kabla ya mwingine. Tulipaka mara nne. Ikiwa bado mbichi haionekani kama imefunika kitu. Huwa nyeupe inapokauka, na hapo mwenye haraka huwa amekwisha kukata tamaa.

Neno la tahadhari kwenu mtakaojaribu: nunueni chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile isiyozimwa huchemka inapotiwa maji na inaweza kuunguza. Wanaoizima huitia chokaa katika maji kidogo kidogo, wala hawamwagi maji juu ya chokaa. Hata iliyozimwa hula ngozi na kudhuru macho. Vaeni glavu na miwani, na watoto wakae mbali.

Mkatekista hawezi kupita hapa bila kukumbuka Kitabu cha Walawi, sura ya 14, panapoelezwa sheria ya nyumba yenye madoa ukutani. Tulikuwa tukiisoma sura hiyo haraka, kama jambo la watu wa kale. Tuliisoma upya tukiwa na vumbi la lipu nguoni. Mwenye nyumba anatakiwa kwenda mwenyewe kwa kuhani na kumwambia alichokiona. Nyumba hufungwa siku saba, ndipo hutazamwa tena. Doa likiwa limeenea, mawe yenye doa huondolewa, kuta za ndani hukwanguliwa pande zote, mawe mengine huwekwa, na lipu mpya hupigwa. Angalieni utaratibu wake: kusema, kungoja, kutazama tena, kukwangua, na mwisho kabisa kupaka. Sisi tulianza na kupaka. Tena tunawafundisha wanafunzi wetu kila mwaka yale maneno ya Bwana juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, katika sura ya 23 ya Matayo, na hatukuwahi kufikiri kwamba yangeweza kugusa chumba cha mama yetu.

Sasa tuwaambie hali ilivyo. Nkambo amerudi katika chumba chake. Kikohozi kimepungua, hakikuisha. Chokaa huacha unga mweupe kwenye nguo ukiiegemea, kwa hiyo tumetundika mkeka nyuma ya kitanda, tukiuacha usigusane sana na ukuta. Itatubidi kupaka upya karibu kila mwaka, wakati wa kiangazi. Katika pembe moja ya chini, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ukuta hugeuka rangi kidogo, kisha hukauka jua linapotoka. Tunauona unapolowa na tunauona unapokauka, na kwetu hilo ni afadhali kuliko kutoona kitu.

Binti yetu alirudi shuleni tulipokopa kwa jirani, akamaliza mwaka. Tulimwomba msamaha mbele ya wadogo zake, kwa sababu fedha ile ilikuwa yake nasi tuliitoa bila kumwuliza. Nkambo naye hakuulizwa, na fundi aliulizwa asisikilizwe. Watu watatu walijua juu ya ukuta ule, au wangalijua, na sisi tuliowafundisha wengine ndio tuliokuwa na haraka. Noeli iliyofuata wanashirika walikuja tena kusali kwetu. Hakuna aliyesifu kuta. Mmoja alisema tu kwamba chumba kina hewa nzuri.

Maswali kwa vikundi vya vijana:

1. Katika nyumba au ukumbi mnaokutania, maji hupita wapi? Nendeni mkatazame pamoja, mfanye jaribio la plastiki, mlete majibu katika mkutano ujao.

2. Ni nani katika familia yako anayejua kazi fulani kwa mikono yake, na hujawahi kumwuliza?

3. Je, kuna fedha au zamu ya mtu mwingine uliyoitumia ili jambo lako lionekane zuri? Utamwambia lini?